Moli na Mfuko wa Mbolea

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwalimu wetu wa kemia aliandika kanuni ya moli ubaoni: tungamo gawanya kwa tungamo la moli moja. Tuliikariri, tukafaulu mtihani, tukaisahau. Hatukuambiwa kwamba moli ni idadi tu, kama dazani. Dazani ni vitu 12. Moli ni 6.02 × 10²³.

Leo nawafundisha vijana wa mwaka wa kwanza, na ugonjwa ni uleule: kanuni wanayo, maana hawana. Ilhali fundi seremala hauziwi misumari kwa kuihesabu mmoja mmoja. Hupimiwa kwa kilo, na akijua uzito wa msumari mmoja, hujua amepata mingapi. Mkemia naye hupima gramu 12 za kaboni, akajua ana moli moja ya atomu.

Msomaji atauliza: haya yanaihusu nini siasa? Na tuutazame mfuko wa urea, ulioandikwa nitrojeni asilimia 46. Fomula yake ni CO(NH₂)₂: kaboni 12, oksijeni 16, nitrojeni 28, haidrojeni 4, jumla 60. Gawanya 28 kwa 60, utaona namba ile ilikotoka. Salfeti ya amonia, ile SA ya wakulima, ni (NH₄)₂SO₄: nitrojeni ni 28 katika 132, yaani asilimia 21. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 hivi za nitrojeni. Wa SA hauzidi sana kilo 10. Ni kweli SA huleta na salfa, ambayo baadhi ya mashamba huihitaji. Lakini mkulima anayelinganisha bei ya mifuko bila kulinganisha kilichomo hununua gunia, hanunui chakula cha mmea. Na ofisa anayemshauri, aliyefaulu kemia kwa kukariri, hawezi kumwokoa.

Mtoto wetu wa shule ya umma hujifunza sayansi kwa Kiswahili miaka ya msingi, kisha sekondari huikuta kwa Kiingereza. Anapokimbilia kukariri, twamwita mvivu. Mimi namwona amejiokoa kwa kamba pekee tuliyomrushia.

Walimu wenzangu, tuanze na misumari na mbolea, kwa lugha anayoielewa mwanafunzi, kanuni ifuate. Nanyi watunga mitihani, ulizeni jibu lina maana gani, si ni ngapi tu. Raia asiyejua kupima kilichomo katika mfuko, atapimaje kilichomo katika ahadi?