Jenga ni neno letu, hela je?

Wikiendi ikifika, mastaa wetu (majina kapuni) wanaposti picha wamezunguka mnara wa vipande vya mbao, mmoja anachomoa, wengine wamebana pumzi. Jenga! Na kelele hazikosi: "Wazungu wametuibia hadi neno!"

Wadau, hapo mimi sikubali.

Leslie Scott ni Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, Kiswahili anakijua toka utotoni. Miaka ya 1970, familia yao ikiwa Ghana, walianza kucheza hivyo nyumbani kwa vipande vya kiwanda kimoja cha mbao huko Takoradi. Yeye ndiye aliyeupa mchezo jina kutoka "kujenga", akaanzisha kampuni yake na kuupeleka kwenye maonesho ya midoli London mwaka 1983. Haukugombaniwa, akabaki na madeni. Baadaye ukachukuliwa kwa mikataba na makampuni makubwa, ikiwemo Hasbro ya Marekani, ndipo ukasambaa duniani. Mwaka 1991 yeye na Sara Finch wakaanzisha Oxford Games, kampuni nyingine ya michezo ya mezani.

Sasa kaiba nini? Neno bado tunalo, kila siku tunajenga. Alichotuzidi ni kuugeuza mchezo wa nyumbani kuwa bidhaa yenye jina na mkataba.

Njoo huku kwetu Kasulu na Kibondo. Mafundi seremala wapo, mabaki ya mbao yanaishia kuwasha moto. Watoto wanachimba vishimo chini wanacheza bao kwa kokoto. Kinachotakiwa ni mtu abuni mchezo wake, akate vipande vilingane, aandike sheria zake, aweke kwenye boksi, aupe jina na kulisajili BRELA kabla hajaposti popote.

Mtasema mtaji hakuna. Kweli, Leslie alikuwa na pa kukopa, kijana wa Kibondo kupata mkopo ni shughuli. Basi hasira zetu tuzipeleke huko. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, na 4 kati ya hizo ni za vikundi vya vijana. Wangapi tumewahi kwenda kuuliza, mbali na bodaboda na kuku, kama wazo la mchezo nalo linakopesheka?

Tukiendelea kununa tu, kesho neno lingine litapata boksi zuri na tutalinunua kwa bei ya dukani. Wewe mchezo wako ungeuitaje?