Jasusi na Mujahidina: Urafiki wa Msimu?





Safu hii imezoea kuzungumzia masomo ya watoto, adabu za nyumbani na namna ya kuihifadhi lugha yetu ugenini. Mwezi huu tunaomba radhi tuzungumzie sinema. Sababu ni kwamba Jumamosi moja, baada ya sala ya Isha, maongezi ya sebuleni yaligeuka mdahalo, na nusura mdahalo huo uwagombanishe watu wapendanao. Mchana wake televisheni ilikuwa imeonyesha filamu ya James Bond iitwayo The Living Daylights, iliyotolewa mwaka 1987.

Kwa wale wasioijua, kisa chenyewe kwa ufupi ni hiki. Jenerali mmoja wa Kirusi, Koskov, anajifanya kukimbilia upande wa Magharibi. Bond anapewa amri ya kumlinda kwa kumpiga risasi mdunguaji, lakini akimtazama vizuri anamwona ni msichana mpiga fidla kubwa, asiyeelekea kuwa muuaji. Anakataa kumwua, anailenga bunduki yake tu. Baadaye inabainika kuwa Koskov ni mwongo: ameshirikiana na mfanyabiashara wa silaha wa Kimarekani kuzichukua fedha za jeshi lake na kununulia kasumba huko Afghanistan. Bond anajikuta kizuizini katika kambi ya Warusi, na humo anamwokoa mfungwa mchafu aliyevurugika nywele. Kumbe mfungwa yule ni Kamran Shah, kamanda wa mujahidina aliyesoma Oxford. Hatimaye mujahidina wanapigana bega kwa bega na jasusi wa Uingereza.

Tangu ilipotoka, filamu hii imewagawa wapenzi wa Bond. Wako waliomlaumu Timothy Dalton, aliyeuchukua uhusika huo kwa mara ya kwanza, kwamba uso wake umekunjamana na hana mzaha wa Roger Moore aliyemtangulia. Wengine wanasema huyo ndiye Bond wa vitabu vya Ian Fleming hasa: mtu aliyechoshwa na kazi yake na mwenye shaka na amri za wakubwa. Dalton alicheza filamu mbili tu, hii na ile ya 1989, na ubishi haujesha. Sisi tunaelekea upande wa pili. Kile kitendo cha kutomwua msichana asiyejua kushika bunduki kimetoka katika hadithi fupi ya Fleming mwenyewe, na ni funzo zuri kwa kijana: amri ya mkubwa haikuondolei dhamiri yako.

Lakini sebuleni petu hawakugombania uso wa Dalton. Waligombania Kamran Shah.

Kijana mmoja wa miaka kumi na sita alisema, "Ami, katika filamu zote nilizoziona, hii ndiyo ya kwanza ambayo mtu mwenye jina kama letu ni rafiki wa shujaa, anapigania nchi yake, na wala hauawi mwisho. Kwa nini mnataka kuiponda?" Aliyasema haya kwa uchungu, na waliokuwapo waliuona uchungu huo. Huyu ni mtoto aliyezaliwa hapa London. Darasani mwake, kila itajwapo habari ya vita, wenzake humgeukia yeye kana kwamba ana jawabu mfukoni.

Mzee mmoja akamjibu kwa upole, "Mwanangu, walimsifu kwa kuwa walimhitaji." Akakumbusha kwamba Warusi waliingia Afghanistan Desemba 1979. Mwaka 1981 Waziri Mkuu Margaret Thatcher alikwenda hadi mpakani mwa Pakistan kuwatembelea wakimbizi wa Kiafghani, na mwaka 1983 Rais Reagan aliwakaribisha wapiganaji Ikulu ya Marekani. Filamu ilifuata upepo huo. Warusi walipoondoka Februari 1989, haja ikesha. Mwaka 1994 Hollywood ikatoa True Lies, na humo gaidi mkuu, kiongozi wa kundi lililopachikwa neno "jihadi" katika jina lake, alichezwa na Art Malik, yule yule aliyekuwa Kamran Shah! Ni mtu mmoja, mzaliwa wa Pakistan aliyekulia hapa London, na uso ni ule ule. Miaka saba tu ilitosha kumgeuza kutoka sahibu kuwa adui. Waarabu wa Marekani waliilalamikia filamu hiyo, na walikuwa na haki.

Hapo kijana mwingine akadakia kwamba hata Rambo III ya mwaka 1988 ilitunukiwa "mujahidina mashujaa", kisha maneno hayo yakabadilishwa baadaye kwa siri. Madai haya yameenea sana, lakini si kweli. Tangu mwanzo filamu hiyo ilitunukiwa watu wa Afghanistan. Dini yetu imetuamrisha tuihakiki habari kabla ya kuieneza, hata kama habari yenyewe inatupendeza. Hoja yenye nguvu haihitaji magongo ya uvumi.

Binti mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyetufumbua macho zaidi. Alisema, "Hata ndani ya filamu yenyewe sifa si kamili. Wauza kasumba ni washirika wa hao hao mashujaa. Na mwisho, wanapofika kwenye onyesho la muziki wamechelewa, na silaha zao mwilini, tunachekeshwa nao. Tena kwa nini kamanda awe amesoma Oxford? Hakuweza kuwa muungwana kwa malezi ya mama yake?" Sebule nzima ilicheka, kisha ikanyamaza.

Tulipotakiwa kutoa kauli yetu, tulisema hivi. Kijana yule hakukosea kufurahi. Mtu mwenye kiu hakosi haki ya kufurahia hata tone. Filamu hii ina hadhi kuliko nyingi za mfululizo wake, na Kamran Shah ana heshima na akili. Lakini mzee naye amesema kweli: sifa inayotegemea haja ya msifu huondoka na haja hiyo. Baada ya 2001 askari wa Uingereza walikwenda wao wenyewe Afghanistan; 457 walifia huko, na Waafghani waliokufa ni makumi ya maelfu. Wa mwisho waliondoka Agosti 2021. Leo watoto wa wakimbizi wa Kiafghani wanakaa dawati moja na watoto wetu. Hao si mashujaa wa sinema wala magaidi wa sinema. Ni watoto wenye hesabu za kufanya nyumbani.

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Jangwa la Afghanistan tunaloliona katika filamu ile lilipigwa picha Morocco, na maneno ya Kamran Shah yaliandikwa na watu wasiokuwa Waafghani. Tulinganishe na Willy Gamba wa marehemu Elvis Musiba, mwandishi wa Tanzania. Katika Kufa na Kupona, kilichotoka mwaka 1974, jasusi ni Mwafrika, na siri anazozipigania ni za ukombozi wa Afrika. Hatusemi Gamba ni mfano wa ucha Mungu. Ulevi na wanawake anavyo kama Bond. Tunasema tu kwamba humo Mwafrika hangoji kupewa nafasi kando ya shujaa wa mtu mwingine. Nafasi ni yake, hata makosa ni yake.

Basi, wazazi wenzetu, tunashauri yafuatayo. Kwanza, msiwaachie watoto televisheni peke yao. Kaeni nao, na yasiyofaa yazimeni bila ya kelele. Pili, filamu ikesha, waulizeni: nani aliandika haya, mwaka gani, na kwa haja ya nani? Tatu, mtoto apendaye kuandika msimkatishe tamaa kwa kumwambia kwamba kazi ni udaktari na uhasibu tu. Kijana yule wa miaka kumi na sita aliondoka usiku ule akisema ataandika kisa chake mwenyewe. Tumemwahidi daftari, na tumemwomba shujaa wake asiwe na haja ya kwenda Oxford, ila akipenda mwenyewe.

Wabillahi tawfiq.