Miadi kwa Simu: Je, Benchi la Kinyozi Liondolewe?

Siku hizi mtu wa London au Chicago akitaka kunyolewa haendi kwanza kumtafuta kinyozi. Huandika katika Google, akaonyeshwa maduka yaliyo karibu naye, na penye majina ya baadhi ya maduka hayo huona kitufe cha kuwekea miadi. Huchagua siku na saa, hutaja jina lake, basi. Hapa Uganda nako maduka mengi yamekwisha kuandikishwa katika ramani ya Google. Wenzangu wengi husema kwamba kila fundi afanye hivyo upesi, na benchi la kungojea liondolewe. Mimi nakubaliana nao nusu tu.

Yafaa tujue kwanza jinsi kazi hii inavyokwenda. Fundi huandikisha jina la duka, mahali lilipo, saa za kufungua na namba ya simu, wala halipi kitu. Lakini daftari la miadi, mara nyingi, haliwekwi na Google. Huwekwa na kampuni nyingine, ambayo huipasha Google habari za nafasi zilizo wazi. Kampuni hizo ndizo zinazodai malipo: nyingine kila mwezi, nyingine kwa kila mteja mpya.

Faida zipo, wala sizikatai. Msusi hakatizwi kazi yake na simu. Watu wawili hawapewi saa moja. Mgeni asiyejua mji hupata fundi bila kudanganywa njiani. Tena miadi hutufunza kushika saa, jambo linalotushinda wengi. Ahadi ni deni, na mtu aliyeandikisha saa nne asifike saa sita akidai kuhudumiwa.

Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Je, daftari likikaa kwa mtu mwingine? Fundi aliyezoea kupata wateja wote kwa njia hiyo hana majina yao wala namba zao mkononi mwake. Siku kampuni ikipandisha bei, atalipa. Ikifungwa, atabaki na mkasi na kiti kitupu. Tena mlango wenyewe una mwenyewe. Mwezi wa Agosti, 2024, Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google ilivunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake katika kazi ya kutafuta habari. Ikiwa Marekani yenyewe inaliona jambo hili kuwa zito, fundi cherehani wa kwetu asilione dogo.

Hatari ya pili yanigusa zaidi. Mama aliyetembea kwa miguu tangu alfajiri kuleta kitambaa cha sare ya mwanawe hana simu ya intaneti. Akifika wa kwanza, akaketi, kisha vijana watatu wakaingia mmoja mmoja na kushonewa mbele yake kwa sababu walibonyeza kitufe jana usiku, ataona kwamba miguu yake haina thamani. Benchi lina sheria yake: aliyetangulia ndiye atangulizwaye, awe tajiri au maskini. Sheria hiyo tusiitupe bure.

Wengine watasema kwamba tutaachwa nyuma. Sivyo. Mwezi wa Mei, 2018, Sundar Pichai, mkuu wa Google, alipoonyesha mashine inayopiga simu saluni kuweka miadi, alisema kwamba asilimia 60 ya biashara ndogo za Marekani hazikuwa na njia ya kuweka miadi kwa intaneti. Kama Wamarekani walikwenda polepole, sisi nasi tuna nafasi ya kufikiri.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Fundi aandikishe duka lake katika ramani, maana hilo halimgharimu. Akitaka miadi, aigawe siku: asubuhi iwe ya benchi, alasiri iwe ya miadi, na jambo hilo aliandike mlangoni ili kila mtu alijue. Na kila jioni anakili majina na namba za wateja, kwa idhini yao, katika daftari lake mwenyewe la karatasi. Hapo simu itakuwa mtumishi wake, naye ataendelea kuwa bwana wa duka lake.