Eti Bonde Halina Jina!

Naandika kwa hasira, na hasira yenyewe nimeitoa mlimani.

Kaskazini ya Wales kuna mwendo wa siku nzima ambao wapanda milima wanausifu sana. Unaanzia ziwa la Ogwen, unapanda Tryfan, mita 917, kwa mgongo wake wa kaskazini. Hapo miguu peke yake haitoshi. Unaparamia mawe kwa mikono kama nyani. Kileleni yamesimama mawe mawili kama watu wanaongojana. Unashuka hadi Bwlch Tryfan, unaparamia tena mpaka Glyder Fach na Glyder Fawr, mita 1,001, halafu unateremka kando ya ufa wa Twll Du hadi ziwa la Idwal. Magoti yanalia. Ukungu ukifunga, mwenzako wa hatua kumi humwoni.

Mwendo wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni vinywa vya wanaoutembea. Yale mawe mawili kwa Kiwelisi ni Siôn a Siân. Wageni wameyabatiza Adamu na Hawa. Twll Du, yaani Shimo Jeusi, wameuita Jiko la Shetani. Ziwa la Bochlwyd, kwa sababu umbo lake linafanana na Australia, basi ni Ziwa Australia. Haya, huo ni utani, tuuache. Lakini juu ya ziwa la Idwal kuna bonde lililobonyea kama bakuli, jina lake Cwm Cneifion: Bonde la Manyoya ya Kondoo. Wapandaji wa Kiingereza wameliitaje? Bonde Lisilo na Jina!

Hivi jamani, lisilo na jina kwa nani? Wachungaji wa milima ile hawakuwa watu? Jina lenyewe linanuka kondoo! Kusema bonde halina jina, na jina linalo, ni kusema kwamba waliolitaja kwa lugha yao walikuwa wakipiga kelele tu, kama kunguru.

Najua nitajibiwa: majina ya Kiwelisi ni magumu, na mtu akivunjika mguu waokoaji lazima waelewane naye. Kwanza, huo ugumu. Hata mimi ulimi uligoma kwenye ile "ll" ya Llyn. Nikafundishwa: weka ulimi kama unataka kusema "l", kisha puliza upepo pembeni. Basi! Sisi tunaosema ng'ombe na ng'ambo tushindwe na hilo? Pili, usalama. Majina yale ndiyo yanayokuonya: bwlch ni mwanya kati ya vilele, crib ni mgongo mwembamba wa mlima, na Castell y Gwynt, karibu na Glyder Fach, ni Ngome ya Upepo. Ukilielewa jina hilo, utaliacha koti nyumbani? Na Ziwa Australia linakuonya nini?

Wengine watasema naleta siasa mlimani. La! Siasa iliingia siku mtu alipobatiza mlima wa wenyewe. Sisi tunaijua hiyo. Mwaka 1889 Hans Meyer alifika kilele cha Kilimanjaro, akakipa jina la Kaiser Wilhelm. Leo kinaitwa Uhuru, na hakuna aliyepotea njia kwa sababu hiyo.

Wales nao wameanza. Mwaka 2022 mamlaka ya hifadhi ya taifa iliamua kutumia Eryri na Yr Wyddfa hata inapoandika Kiingereza, badala ya Snowdonia na Snowdon. Wapo waliocheka. Lakini sensa ya 2021 ilikuta anayesema Kiwelisi ni chini ya mtu mmoja katika kila watano huko Wales. Lugha ya namna hiyo, ukiinyang'anya na milima, itabaki na nini?

Na sisi vijana wa kalamu tusijitie usafi. Tukitafsiri habari za huko tunaandika "Mlima Snowdon" bila kuuliza, kwa kuwa Mwingereza kaandika hivyo. Huo ni uvivu, bwana. Kabla ya kuuliza mlima una urefu gani, uliza unaitwaje, na umwulize mwenyeji.