Chungu cha Kusi: Muhogo wa Nazi na Papa Mkavu



Upepo wa kusi umekaza. Wiki hii tulipokwenda sokoni tulizikuta meza za samaki zimeshaoshwa na kukauka kabla ya saa nne asubuhi. Kilichosalia ni tafi wachache wa ndani ya mwamba, wadogo, na bei yao ya kumfanya mtu arudishe mkoba kwapani. Mitumbwi na ngalawa za wavuvi wetu haziwezi kutoka nje bahari inapochafuka, na hali hii huanza mnamo Aprili ikaendelea hadi Septemba au zaidi, mpaka maleleji yaje maji yatulie. Si jambo geni. Bibi zetu waliijua kalenda hii bila ya kuiandika, na ndiyo sababu papa aliyevuliwa wakati wa kaskazi alipasuliwa, akatiwa chumvi, akaanikwa hata akawa mgumu kama ubao, akawekwa akiba ya siku kama hizi.

Mwezi uliopita tulimzuru jamaa yetu mmoja bila ya kumpa taarifa, kosa ambalo tunakiri ni letu. Tulimkuta akikimbilia kukifunika chungu, na papo hapo akamnong'oneza mwanawe aende dukani akachukue mkate na soda kwa deni. Harufu ilikuwa imeshatupokea mlangoni: muhogo wa nazi. Tulimwomba atupakulie. Akakataa mara mbili, na ya tatu akapakua huku macho ameyaelekeza mkekani, akisema, "Nisameheni dada zangu, leo ndicho kilichopatikana." Tulikula tukafuta sahani kwa vidole. Lakini lile deni la dukani limetukaa moyoni hadi leo, kwani lilikopwa kwa ajili ya kuficha chakula kilicho bora kuliko huo mkate.

Tangu lini muhogo umekuwa aibu? Labda tangu tulipoanza kupimana heshima kwa pilau.

Basi tuingie jikoni. Kwa watu sita, chukua kilo moja na nusu ya muhogo mtamu, robo kilo ya papa mkavu, nazi mbili, kitunguu kikubwa, nyanya mbili, pilipili mbichi mbili na bizari ya manjano nusu kijiko cha chai. Papa umroweke usiku kucha, na asubuhi uyamwage maji yale, umkwangue mchanga na ngozi, kisha umchemshe kwa muda wa dakika kumi katika maji mapya. Onja. Akiwa bado anakera kwa chumvi, badilisha maji umchemshe tena. Mchambue vipande vipande, uondoe miiba na magegedu.

Muhogo umenye ganda la nje na lile la ndani, upasue, utoe mzizi wa katikati. Ulio mchungu usipikwe kabisa. Nazi haitauficha uchungu huo, na ndani yake mna sumu. Uchemshe bila ya kufunika mpaka uanze kulainika, umwage maji. Sasa tia tui jepesi pamoja na kitunguu, nyanya, bizari na pilipili nzima zisizopasuliwa, uache utokote kwa moto wa wastani mpaka uive. Ndipo utie papa na kasimele, moto uupunguze, na ukoroge polepole kwa upande mmoja usiuache, ama tui litakatika. Chumvi ije mwisho, kwani papa huwa ameshaleta yake. Ndimu haiingii chunguni, ikamuliwe sahanini. Na mwenye nazi moja tu asivunjike moyo: aikune, aikamue mara tatu, na lile tui la kwanza alihifadhi vyema.

Chungu hiki hakina hata tone la mafuta ya kupikia, na hilo nalo lina maana yake. Wasomaji watakumbuka Mswada wa Fedha wa 2024 ulivyokuja na pendekezo la ushuru wa asilimia 25 juu ya mafuta ya mboga, na kodi ya asilimia 16 juu ya mkate. Mapendekezo hayo mawili yaliondolewa, na mnamo tarehe 26 Juni Rais akakataa kuutia saini mswada wote, lakini hiyo ilikuwa siku moja baada ya damu ya vijana kumwagika barabarani. Sisi tuliwafikiria mama karanga wetu, wanaonunua samaki bandarini, wakawakaanga na kuwauza jioni. Wakati wa kusi samaki wao ni haba, na mafuta yakipanda wakalipa pande zote mbili.

Jambo jingine hatukulisikia likisemwa. Katiba ya 2010 imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Huku kwetu Agosti ni kusi. Wagombea hutujia pale pale ambapo vyungu vyetu ni vyepesi, na mfuko wa unga na leso yenye picha ya mtu huonekana ni kitu kikubwa kuliko vilivyo. Hatumlaumu mama aliyeupokea unga ule akawalisha wanawe. Tunamwuliza tu aliyeuleta: hii bandari ndogo isiyo na barafu, ambako samaki wa kaskazi huoza kwa wingi wake, aliiona mara ngapi katika miaka mitano?

Kiporo cha muhogo huu, kikipashwa asubuhi kwa moto mdogo, ni kitamu kuliko cha usiku, na kwa chai ya mkandaa hakihitaji mkate. Jamaa yetu tumemwarifu mapema mara hii kwamba tunarudi Jumapili baada ya Alasiri. Papa tutamchukua sisi, naye atafute muhogo, na chungu tumemwomba asikifunike.