Chura wa Kihansi na Mchoro wa Darasani

Yapo masomo mengi katika shule zetu za msingi ambamo mtoto hutakiwa kupanga kitu kabla ya kukitenda: kuchora ramani ya kiwanja cha shule, kubuni banda la kuku, kupima bustani ya mboga, kuchagua mahali pa kuchimba kisima. Katika mazoezi hayo mwalimu huuliza swali lililo jema: ni nani atakayekitumia kitu hiki? Watoto hutaja wanafunzi, walimu, wazazi, na siku hizi, kwa furaha yetu, mwenzao asiyeweza kutembea. Sisi twaona kwamba orodha hiyo hukatwa mapema mno. Haina mjusi, haina nyuki, haina mwembe uliosimama pale kabla ya shule yenyewe kuwako.

Wako watakaosema kuwa hayo ni mapambo ya somo, na kwamba nchi yenye shida ya madarasa haina nafasi ya kumfikiria mjusi. Na tutazame jambo lililotokea nchini mwetu.

Katika Milima ya Udzungwa mto Kihansi huporomoka katika genge refu. Palijengwa hapo kituo cha umeme chenye nguvu ya megawati 180, kikafunguliwa mwaka 2000, na sehemu kubwa ya maji ikageuziwa njia ya chini ya ardhi hadi kwenye mitambo. Kando ya maporomoko palikuwa na majani yaliyoloweshwa na rasharasha mchana na usiku. Humo, katika eneo la hekta chache tu, aliishi chura wa manjano asiyefikia sentimeta 3, ambaye hajapata kuonekana kwa asili mahali pengine popote duniani. Wataalamu walimgundua mwaka 1996, ujenzi ukiwa umekwisha anza. (Mwalimu ajue pia kwamba chura huyu hatagi mayai, bali huzaa watoto waliokamilika, kwa hiyo mchoro wa ubaoni wa yai, kiluwiluwi na chura haumhusu.)

Maji yalipogeuzwa, rasharasha ikakoma. Vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani mwishoni mwa mwaka 2000 ili wazaliane katika bustani za wanyama. Huko Kihansi yakatandazwa mabomba ya kunyunyiza maji badala ya maporomoko. Vyura wakaongezeka kwa muda. Kisha mwaka 2003 wakapukutika ghafula, na ugonjwa wa ukungu wa ngozi ulionekana miongoni mwao. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyo hayuko tena porini. Mwaka uliofuata 100 walirudishwa Dar es Salaam kwa ndege, na mwaka 2012 wengine wakaachiliwa tena katika genge lao.

Hatusemi kwamba umeme ule haukuhitajika. Ulihitajika, na ungali unahitajika. Wala hatusemi kuwa kupungua kwa maji ndiko kulikokuwa sababu pekee. Mwanafunzi wa darasa la sita aweza kabisa kuelewa kwamba jambo moja huweza kuwa na sababu zaidi ya moja, na afundishwe hivyo. Tunalosema ni kwamba swali la nani anaishi hapa lilipata jibu wakati mchoro ulikwisha kuwa zege. Mabomba, ndege na miaka 10 ya uhamishoni ni gharama ya swali lililochelewa. Tofauti na hayo, tazama barabara ipitayo msitu wa Jozani, Unguja: matuta machache yaliyowekwa barabarani yamepunguza idadi ya kima punju wanaogongwa na magari.

Basi mwalimu afanyeje? Kabla ya kuchora, darasa litoke nje na kukaa kimya mahali panapokusudiwa kujengwa, kisha kila kikundi kiandike viumbe kilivyoviona na dalili zao: kinyesi cha popo, njia ya siafu, kiota. Halafu, mchoro unapojadiliwa, mwanafunzi mmoja awe msemaji wa kiumbe mmoja, aeleze anahitaji nini: kivuli, maji, giza, upenyo.

Hapa pana mitego miwili. Wa kwanza ni kumpa kila kiumbe haki yake kwa sababu tu anatufaa sisi: nyuki kwa asali, popo kwa kula mbu. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini chura wa Kihansi hakuwa na asali. Mtoto aruhusiwe kusema kwamba kiumbe alikuwapo, na hiyo iwe hoja. Wa pili ni kuliacha somo ligeuke mahubiri. Mtoto atauliza habari za nyoka chooni, naye ana haki ya kuuliza. Msemaji wa nyoka asikilizwe, kisha darasa liamue kufyeka majani yaliyo karibu na choo na kuacha kichaka cha mbali. Kushindwa katika mjadala si sawa na kutotajwa kabisa.

Vipindi viwili vyatosha, kimoja cha nje na kimoja cha ndani. Katika kusahihisha, alama zitolewe kwa mabadiliko ambayo kikundi kilifanya katika mchoro wake baada ya kuwasikiliza wasemaji, si kwa uzuri wa mistari. Karatasi za orodha zihifadhiwe kabatini, maana darasa la mwaka ujao litazihitaji ili kujua ni nani aliyehama.