Kajiado Moja, Shule Mbili

Wasee, kuna kitu imenikaa rohoni tangu likizo ya Agosti. Wacha niitoe.

Mimi ni mtoto wa Rongai. Nilisoma shule ya msingi ya serikali hukuhuku, ile ya dawati moja watu wanne. Ukienda choo ukirudi, kiti imeenda. Nilidhani hiyo ndiyo shida yote ya shule za umma.

Halafu nikaenda kumtembelea binamu yangu Kajiado Magharibi, mbele kabisa kwa barabara ya Magadi. Kwao hakuna msongamano. Mwalimu anajua kila mtoto kwa jina, na jina la baba juu yake. Lakini binamu yangu hutoka nyumbani jua halijachomoza, jerikeni ya lita tano mkononi, maana shuleni hakuna maji. Mwalimu mmoja ndiye wa hesabu, sayansi na kilimo. Siku akiugua, masomo matatu yameugua.

Na hii yote ni kaunti moja! Upande mmoja Ngong na Rongai, mlangoni mwa Nairobi. Upande mwingine unashuka mpaka Magadi na mpaka wa Tanzania.

Sasa twende kwa hesabu. Tangu 2003 shule ya msingi ni bure, na serikali hulipia kila mwanafunzi. Kiwango ambacho kimetumika kwa miaka ni shilingi 1,420 kwa mwaka. Shule ya watoto 1,500 inapata 2,130,000. Shule ya watoto 120 inapata 170,400. Hapo ni kama pesa imekuja yote, na kwa wakati.

Mtaniambia, "Si huo ndio usawa? Kila mtoto sawa." Hapana. Paa likitoboka haliulizi mko wangapi. Mlinzi hapunguzi njaa yake kwa sababu wanafunzi ni wachache. Shule ndogo ya mashambani inaumia kwa kuwa na vichwa vichache. Na yetu ya Rongai haijapona pia, kwa sababu hizo ni pesa za kuendesha shule, si za kujenga madarasa mapya. Ploti zimejaa mafleti, watoto wanaongezeka, uwanja ni uleule.

Maoni yangu: kila shule ipewe kwanza kiasi cha chini cha kuiweka hai, ndio tuanze kuhesabu vichwa.

Na tujue wa kumuuliza. Tunapenda kumkemea gavana kwa kila kitu, lakini Katiba ya 2010 ilimpa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Msingi na sekondari ni za serikali kuu, walimu huajiriwa na TSC, na madarasa mengi hujengwa na pesa za CDF, kwa hivyo mbunge ndiye wa kuulizwa. Akija kuomba kura, usimuulize tisheti. Muulize ni madarasa mangapi, na wapi.

Binamu yangu atafanya mtihani wa Gredi ya 9 uleule atakaofanya mtoto wa jirani yangu. Karatasi moja, maswali mamoja. Hakuna mahali pa kuandika kwamba ulifika umebeba maji.

Wewe ulisoma ya msongamano ama ya jerikeni?